Kona ya Kushoto

Kiwandani, 4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mgongo vipi? Bibi bado anafungulia redio mpaka jirani anazima ya kwake kwa kuwa haihitaji? Mwambie mjukuu wake anakula, analala, na meno yote yapo. Baba akiuliza, sema kazi ninayo. Asiulize kazi gani.

Wameniweka kwenye ukaguzi wa chupa, kitini, kwa ajili ya goti. Chupa zinapita kwenye mkanda mbele ya taa nyeupe, nami natafuta ufa, povu lililogandia ndani, shingo iliyopinda. Nikiona, naitoa naitupa kwenye pipa inavunjika. Msimamizi anasema hajapata kuona mtu mwenye jicho kama langu. Sikumwambia kwamba ule mlio wa kuvunjika ndio unaonifikisha jioni.

Sasa nije kwenye lenyewe. Nimesikia Siagi amerudishwa kikosi cha kwanza cha mpira wa kikapu pale chuoni. Yule yule, mtoto wa mwaka wa kwanza aliyerusha ile pasi ndefu ya kijinga kwenye nusu fainali mwaka jana, nikaikimbilia mpaka kona ya kushoto, goti likageuka mbele ya ukumbi mzima. Mimi, nahodha, nikatolewa kwa machela. Wale wa klabu kubwa waliokuja kuniangalia wakafunga madaftari yao wakaondoka. Yeye akabaki uwanjani. Na sasa nasikia kapewa jezi namba saba. Saba yangu, Shangazi!

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Mpelekee kinyozi wa pale langoni mwa chuo aibandike pembeni ya kioo, wanapobandika hoja zao mashabiki. Nimesaini "Shabiki wa Zamani". Usiseme ni mimi. Na wewe kwa kuwa ukumbi ule ndiko unakopiga deki, mechi zote unaziona: niandikie makosa yake. Kila mpira uliopotea, kila mtupo uliogonga chuma. Nataka azomewe mpaka aache mwenyewe, ajue kukaa kitini kukoje.

Mwanao


Nyumbani, 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Bibi hajambo, redio nayo haijambo. Baba yako kapasua kidole gumba kwa nyundo yake mwenyewe, na kwa kuwa hapendi kucheka, tumecheka sisi kwa niaba yake. Dada yako ni mjamzito, tumbo la juu, kila mtu anatabiri.

Karatasi yako niliipeleka Jumamosi. Kinyozi akaisoma kwa sauti, huku kamwacha mwalimu wa hesabu kitini na nusu ya ndevu. Unamkumbuka, yule anayekuja mechini na daftari la mistari. Akasema, "Aliyeandika haya anaonea. Mtoto ana miaka kumi na tisa. Mwaka jana alikuwa anapoteza mipira saba kwa mechi, sasa ni minne. Huko ndiko kukua."

"Akulie kwao!" kinyozi akamjibu. "Mimi nataka kikombe, sikufungua shule ya watoto hapa."

Walibishana mpaka povu likamkaukia mwalimu shavuni. Walionyolewa na waliosubiri wakagawanyika. Waliosema Siagi aachwe akue walikuwa watatu. Waliotaka aondoke sikuwahesabu, maana nilikuwa naongoza kelele.

Nimemtungia wimbo. Mimi naanza, "Mikono ya siagi, jua limewaka!" Jukwaa linaitikia, "Umeshika nini? Kimeshadondoka!" Juzi kapewa mitupo miwili ya adhabu, nikaanzisha, ukumbi ukapokea. Yote miwili ikagonga chuma. Kocha akamtoa, akaenda kukaa benchi na taulo kichwani kama mtu aliyefiwa. Nilifurahi, sikufichi. Nilirudi nyumbani nikanywa chai vikombe viwili.

Mipira aliyopoteza: minne. Pasi mbovu: sita, lakini moja nimemwongezea mimi.

Kuhusu siku ile ya goti lako sina la kuongeza. Kunywa dawa, ufanye mazoezi waliyokupa. Ndoo inanisubiri.

Shangazi yako


Kiwandani, 10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umenichekesha mpaka chupa tatu mbovu zikanipita. Mpe dada pole na hongera kwa pamoja, na mwambie baba nyundo huwa inalipa.

Taulo kichwani! Hapo ndipo niliporudia kusoma. Wimbo usiuache. Uimbeni hata anapopasha misuli moto, uimbeni hata akiwa benchi, amalizike kabla mpira haujaanza. Nakutumia karatasi mbili zaidi. Ya kwanza inamjibu mwalimu wa hesabu: mwambieni minne ni mingi kwa mtu aliyeshaua mguu wa mwenzake. Ya pili aibandike wiki inayofuata, moto usizimike.

Ila kuna kitu nataka zaidi ya hivyo. Watu wa kinyozi wanaweza kusema Shabiki wa Zamani hakuwapo. Wewe ulikuwapo. Ulikaa mstari wa mbele, tena upande ule ule wa kushoto, hatua nne kutoka nilipoanguka. Simama pale kwa kinyozi uwaambie ulichokiona kwa macho yako: kwamba mimi nilikimbia vizuri, mguu niliuweka vizuri, na kilichoniua ni pasi. Ukisema wewe hakuna atakayebisha.

Kila nikikuuliza habari za siku ile unaniambia ninywe dawa. Dawa nimekunywa. Niambie uliona nini.

Mwanao


Nyumbani, 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimechelewa. Bibi alishikwa na mafua, kisha nikayapokea mimi, kisha karatasi za kuandikia zikaisha, halafu zikapatikana. Dada yako kajifungua wa kike. Ana paji la uso la baba yako, masikini, lakini atalikulia.

Ngoja nikuambie la Siagi, maana uliniagiza nimwangalie, nami namwangalia. Anakuja ukumbini saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijamaliza. Anasimama mlangoni na viatu mkononi mpaka sakafu ikauke, haikanyagi mbichi hata siku moja. Akishaingia anarusha mitupo ya adhabu mia mbili. Akikosa, anarudia kumi kutoka mwanzo. Hanung'uniki.

Kila siku ananiamkia, "Shikamoo, Mama." Nikamuuliza asubuhi moja, "Unajua wimbo wako kautunga nani?"

"Najua," akasema. "Una sauti kubwa, Mama. Hata huko nje inasikika." Akaendelea kurusha.

Siku hizi anapoteza mpira mmoja kwa mechi, mechi nyingine hata huo haupotei. Mwalimu wa hesabu anatembea na daftari lake kifua mbele, kinyozi kabaki kulaumu marefa. Jumapili nilianzisha wimbo wakaniitikia watu wawili, na mmoja wao alikuwa amelewa. Tumeingia fainali. Aliyetuingiza ni yeye.

Ile karatasi yako ya pili haijabandikwa. Imo mfukoni mwa aproni yangu, imelowa. Kwa kinyozi sikusimama na sitasimama. Mwanangu, muachie huyu mtoto. Nakuomba kama niliyekubeba mgongoni, muachie.

Shangazi yako


Kiwandani, 15 Mei

Shangazi,

Mtoto wa dada nimefurahi. Basi.

Siagi amekulisha nini? Kukuamkia asubuhi tu, umeshageuka? Mimi nilikuamkia miaka ishirini na miwili. Mwalimu wa hesabu anasema anakua. Wewe unasema anakua. Na akue! Mimi nimekatwa nikiwa nakua, nani aliniandikia kwenye daftari? Kila kikapu anachofunga ni changu. Kila mkipiga makofi mnanipiga mimi.

Kumzomea hakukutosha, basi tuache maneno. Fainali ni tarehe 12 Julai, ukumbi wetu, sakafu ni yako. Nimesikia Siagi siku hizi anafungia kona ya kushoto, pale pale nilipokuwa nafungia mimi. Asubuhi ya fainali tia sabuni ya maji kwenye ndoo. Vijiko viwili vya mezani, usizidishe, povu litaonekana. Pitisha kwenye kona ile, usisuuze. Ikikauka inakuwa kama kioo, atakwenda nayo mwenyewe. Hakuna atakayejua. Ni jasho, watasema, au ni bahati mbaya.

Goti kwa goti. Sitaki zaidi ya hapo, na sitaki pungufu.

Ukinipenda utafanya. Usiponijibu nitajua umechagua nani.


Nyumbani, 28 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Bibi hajambo. Mtoto wa dada yako anaongezeka. Mimi nimekonda, na wiki sita hizi nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye kona ile ile, dekio mkononi. Nikakaa chini. Hicho ulichoniomba nimeshakifanya. Nilikufanyia wewe.

Siku ile ya nusu fainali niliambiwa watu wa klabu kubwa wanakuja kukuangalia. Siku ya mechi mimi napitisha dekio kavu tu, miaka kumi na mmoja sijavunja utaratibu huo. Lakini siku ile nilitaka sakafu ing'ae. Nilibeba sabuni ya maji kutoka jikoni kwangu nikamimina kwenye ndoo, sikupima vijiko. Kona ya kushoto niliipitia mara mbili, kwa sababu ndiko ulikopenda kufungia, nikataka wakuone umesimama mahali panapong'aa. Milango ikafunguliwa, watu wakaanza kuingia, nikaogopa kukosa kiti changu cha mbele. Sikusuuza. Nilijiambia itakauka.

Umeniuliza niliona nini. Niliona mguu wako ukienda wenyewe. Pasi ilikuwa mbaya, ndiyo, lakini mbaya kuliko hiyo umezidaka mara mia. Na kabla machela haijafika mlangoni nilikuwa nimeshasimama, nimemnyooshea yule mtoto kidole, napiga kelele, "Mikono ya siagi!" Jina hilo alilipata dakika ile, kutoka kwangu. Mpaka wakati ule hakuwa na jina. Nilihitaji mtu wa kumbebesha, yeye ndiye alikuwa karibu.

Juzi asubuhi kanikuta tena nimekaa pale chini. Akavua viatu akaja kukaa. Akasema, "Mama, mimi najua. Nilikanyaga hapa tulipokuwa tunapasha misuli, nikateleza, nikacheka. Halafu mpira ulipochanganya nikasahau, nikarusha pasi huku huku. Hilo kosa ni langu na halitafutika."

Nikamuuliza kwa nini hakusema la sakafu. Akasema, "Wangeuliza nani alipiga deki." Mwaka mzima, mwanangu, mimi namzomea na yeye anajua.

Sina ombi. Umekuwa ukimtafuta mtu wa kulipa. Ndiye mimi.

Shangazi yako


Kiwandani, 4 Julai

Shangazi,

Nimeisoma mara moja. Leo nimeachia chupa mbovu zikapita mpaka msimamizi akasimamisha mkanda akaniuliza kama naumwa.

Hospitali ulikaa nami siku tisa. Ulininywesha maji kwa kijiko. Ulinishika mkono ukaniambia, "Yule mtoto atalipwa kwa alichokutenda." Siku tisa, na ulikuwa unajua. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Sabuni naweza. Siku tisa siwezi.

Sasa sikiliza. Utakwenda fainali. Utakaa mstari wa mbele. Siagi akishika mpira mara ya kwanza utasimama, na kwa sauti ile ile ya wimbo utawaambia watu wote ulichoniambia mimi. Usimnong'oneze kocha pembeni, usipite kwa kinyozi. Ukumbi mzima. Nataka usikie wanavyokuwa wakimgeukia mtu. Kisha niandikie mara moja kuniambia umefanya, na baada ya hapo usiniandikie tena mpaka nikuandikie mimi.

Sakafu usiiguse. Waambie watafute mtu mwingine siku hiyo.


Nyumbani, 14 Julai

Mwanangu,

Nimefanya.

Sikufanya alipogusa mpira mara ya kwanza kama ulivyoamuru. Nikajiambia mara ya pili, mara ya tatu. Ikafika robo ya mwisho, timu zimelingana, sekunde nane zimebaki, Siagi kapewa mitupo miwili ya adhabu. Watu wasio na subira wakaanza kuniita: "Mama Deki, anzisha! Anzisha!" Walidhani mtoto anahitaji kutiwa adabu.

Nikapanda juu ya kiti. Wakanyamaza kunisubiri. Nikasema yote. Nilisema sabuni, nilisema kona, nilisema sikusuuza, nilisema nahodha hakuumizwa na pasi na jina la Siagi ni uongo wangu. Refa mwenyewe alishusha mkono.

Halafu mmoja kule juu akaanza, "Mikono ya siagi, jua limewaka!" Alikuwa ananionyesha mimi kidole. Ukumbi ukapokea, "Umeshika nini? Kimeshadondoka!" Waliimba wote, mwanangu. Kinyozi aliimba. Mwalimu wa hesabu hakuimba, lakini alifunga daftari akatazama chini. Walirudia, wakarudia, na mimi sikushuka kwenye kiti mpaka wakachoka. Ule wimbo niliutunga vizuri. Mpaka leo nikifungua bomba nausikia.

Siagi alisimama na mpira muda wote huo. Wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili ukaingia. Tumeshinda kwa pointi moja. Wakati wa kutoka alipita mbele yangu, watu wote wanaangalia, akasema, "Shikamoo, Mama." Sikuweza kuitikia.

Jana kocha kanichukulia funguo za ukumbi. Nimehamishiwa ngazi za maktaba. Baba yako hasemi nami. Bibi alisikia habari kwa jirani, kazima redio, na bado hajaiwasha.

Umetaka niandike mara moja. Ni hii.

Shangazi yako


Kiwandani, 30 Septemba

Shangazi,

Shikamoo.

Ndani kuna karatasi ya mwisho ya kinyozi. Ipeleke mwenyewe, na usitoke mpaka aisome yote kwa sauti. Safari hii sikusaini Shabiki wa Zamani. Nimesaini nahodha wa zamani, mkagua chupa. Isome na wewe kwanza, sikutaka uishtukie kitini:

"Kosa la mpiga deki: alitia sabuni, hakusuuza, akambebesha mtoto wa watu mwaka mzima. Kosa la namba saba: alijua kona inateleza, akasahau, akarusha pasi huko. Kosa langu: niliomba kona ile ile itiwe sabuni tena, kwa ajili ya goti lake. Wao hawakukusudia kumwangusha mtu. Mimi nilikusudia, na nilikuwa nimeshapima hadi vijiko. Mtakaotaka kuimba, wimbo mnaujua."

Mwambie jezi abaki nayo. Sijamwandikia, sijui nianzie wapi. Akikuamkia, muitikie.

Nawe sijakusamehe. Goti linapouma asubuhi nakutaja kabla sijavaa viatu, na siyo kwa uzuri. Huenda mwakani pia iwe hivyo. Lakini miezi miwili na nusu sijui lolote la nyumbani. Sijui kama mtoto wa dada ameanza kukaa. Sijui kama bibi amewasha redio.

Niandikie.

Mwanao